Kanuni ya Tisa

Mchezo wenyewe tuliununua Toi, mtumba,
sanduku limefungwa kwa kamba ya kiatu,
vipande vyote vimo ila punda mmoja
(mahali pake tukaweka kifungo cha koti)
na kijitabu cha Kijerumani
kilichonyofolewa kurasa, ya tatu hadi ya sita.
Sheria zetu zilizaliwa humo, penye pengo.

Mwanzo tulizihifadhi kichwani. Baadaye, kwa kelele.
Halake alisema ghala hujaa kwa magunia matano,
Nanjala akaapa ni manne, tulikubaliana Krismasi,
na Jumamosi moja, saa saba usiku, hapa Umoja,
tukainuka mezani bila mshindi,
bila hata kuagana vizuri.
Kesho yake nikafungua kompyuta.

Upana, milimita mia mbili na kumi.
Urefu, mia mbili tisini na saba.
Humo niingize miaka sita ya ubishi.

Sikujua sheria ina uzito
mpaka nilipojaribu kuipunguza maneno.
"Mchezaji ambaye mvua imemkuta njiani anaweza, iwapo atapenda..."
Nikakata. Nikakata tena. Ikabaki:
*Mvua ikinyesha, punda halipi ushuru.*
Nikachora na punda. Akatoka kama meza yenye masikio.
Nikamwacha hivyo hivyo.

Ushuru wa daraja ulinila siku mbili.
Kila nilivyouandika, walisahau.
Mwishowe nikaufunga kwa vina,
maana vina havimtoki hata mlevi:

*Apitaye darajani, mwenyewe atamlipa,*
*Gunia moja mezani, si deni wala kuapa,*
*Akikosa mfukoni, punda abakie hapa,*
*Mwenye kubisha sheria, zamu yake imekwisha.*

Kanuni nane zikapata makao.
Ya tisa ikabaki imesimama mlangoni.

*Anayecheleweshwa na zamu ya hospitali*
*hupewa magunia mawili, wala haulizwi.*

Hiyo ni ya Okinda wa maabara,
aliyekuwa akiingia saa tatu, saa nne,
mikono inanuka spiriti,
anatupa kete kabla hajavua jaketi.
Tangu Machi haji.
Hajafa, msinielewe vibaya. Amepata kazi Lodwar,
ana mtoto mchanga, na simu zake hukatika katikati ya salamu.
Lakini kanuni isiyo na mtu inakula mistari miwili,
na mistari miwili ndiyo hasa niliyopungukiwa.

Nikaifuta.
Nikanywa maji. Nikairudisha.
Nikapunguza herufi zote nusu pointi,
punda nikamkata miguu,
ili Okinda apate pa kukaa,
chini kabisa, ukingoni.

Kirinyaga Road, Gichuru wa uchapaji
aliishika karatasi kwa ncha za vidole.
"Mashine yangu haifiki hapo chini. Patakatika."
Chapa tu, nikamwambia. Nakala tano, zipigwe lamineti.
Umeme ukapotea kwenye ya tatu;
tukangoja, tukizungumzia bei ya wino.
Zilipotoka zilikuwa moto kama chapati,
na ya tisa imesalia nusu ya juu ya herufi,
kama watu wanaochungulia juu ya ukuta.

Jumamosi alikuja mgeni, Wekulo, binamu yake Nanjala.
Akaisoma nakala yake yote, mbele na nyuma,
akamcheka punda, akaukariri ushuru mara moja
(nilivimba kichwa kidogo),
kisha akaelekeza kidole pembeni mwa ubao:
"Na haya magunia mawili ni ya nani?"

Halake hakuinua macho kwenye ghala lake.
"Soma hapo chini."
"Hapasomeki."
"Ehe. Ndiyo hiyo.
Cheza sasa, zamu ni yako."